Visiwa vya Kwanza: Mwongozo wa Safari kwa Mtu wa Mubuku, Kasese na Bwera

Mtu wa Kasese akisema anataka likizo ya visiwani, kwa kawaida ana Zanzibar kichwani. Anapiga hesabu ya nauli, pasipoti na siku za njiani, anakuta mwaka huu mfuko hauruhusu, na mpango unalala. Lakini kutoka steji ya Mubuku, siku moja ya barabara kuelekea kusini inakufikisha Ziwa Bunyonyi, lenye visiwa 29. Siku moja kuelekea mashariki inakufikisha kwenye gati la feri ya Ssese, ambako visiwa ni 84. Mwongozo huu ni wa yule ambaye hajawahi kulala kisiwani, ana wiki moja au pungufu, na fedha ya kuhesabu. Msimamo wangu ni huu: anza na Bunyonyi, Ssese ifuate, Zanzibar ije baada ya hizo mbili. Na kokote uendako, panga vivuko kwanza, visiwa baadaye.

Watu wengi huanza na picha. Wanaona ufukwe, wanauliza bei ya chumba, wanatuma pesa kwa simu, kisha ndipo wanauliza watafikaje. Kisiwa kitakuwepo Jumatatu na kitakuwepo Jumamosi. Chombo ndicho chenye saa yake, foleni yake, na wiki zake za kukaa kwenye matengenezo. Meli ya MV Kalangala hufanya safari moja ya kwenda na moja ya kurudi kwa siku. Ukiikosa ya leo umejinunulia usiku wa hoteli ambao hukuupanga, na huenda ni katika mji ambao hukutaka kulala.

Basi chukua karatasi kabla hujampigia simu mwenye hoteli yeyote. Andika kila mahali utakapopanda chombo cha majini, saa ya mwisho ya chombo hicho kuondoka, na utalala wapi kikikuacha. Usiunganishe safari ndefu ya teksi na chombo cha mwisho cha siku hiyo hiyo. Teksi ya Kasese hungoja abiria wajae, hupasuka tairi, husimama Katunguru kununua samaki. Ukiwa na kivuko cha jioni mbele yako, kila kituo hicho kinakuwa ugomvi kati yako na dereva, na dereva hana kosa.

Kwa nini Bunyonyi kwanza

Sababu ni umbali kati ya kisiwa na kisiwa. Bunyonyi ni ziwa jembamba lenye urefu wa kilomita 25 hivi, limejikunja kati ya vilima vilivyolimwa matuta hadi kileleni. Lilizaliwa pale lava ilipoziba bonde la mto maelfu ya miaka iliyopita, maji yakapanda, na vilele vilivyobaki juu vikawa visiwa. Ndiyo maana viko karibu hivyo. Kutoka mwalo wa Rutinda, nje kidogo ya Kabale, visiwa vingi viko umbali ambao mtu anaweza kupiga kasia. Unaweza kulala kisiwa kimoja, kunywa chai kingine, kula mchana cha tatu, na kurudi kitandani kwako kabla ya giza. Kwa safari ya kwanza ya kuzunguka visiwa, huhitaji zaidi ya hapo.

Faida ya pili ni usalama wa kuogelea. Sisi tuliokulia karibu na Ziwa George na mfereji wa Kazinga tumefundishwa kwamba maji yana wenyewe, yaani kiboko na mamba. Bunyonyi haina hata mmoja wao, na ni moja ya maziwa machache ya Uganda ambayo watu huogelea bila kuhofia kichocho. Hilo lisikufanye mzembe. Wenyeji watakuambia ziwa lao ni la pili kwa kina barani Afrika, na wengine watataja mita 900. Vipimo vimeonyesha kina cha mita 40 na kidogo. Hata hivyo, lile ni bonde lililozama, na kingo zake hushuka ghafla: hatua mbili kutoka ufukweni maji yanaweza kukufika shingoni. Mtoto asiingie majini bila mtu mzima kando yake.

Njia kutoka kwetu haina haja ya kupita Kampala, na kwa kweli haina haja hata ya kupita Mbarara. Kutoka Mubuku panda teksi hadi Kasese mjini, kisha ya kuelekea Ishaka kupitia Katunguru. Mtu wa Bwera anaungana na barabara hiyo Kikorongo, hana sababu ya kurudi nyuma hadi Kasese. Ishaka uliza gari la njia ya Kagamba kwenda Ntungamo. Ni lami, na inakukatia kona nzima ya Mbarara. Ikiwa magari ya njia hiyo ni machache siku hiyo, nenda tu Mbarara ubadilishe pale, utapoteza muda lakini hutakwama. Ntungamo hadi Kabale ni barabara kuu, magari hayakosekani. Kabale hadi Rutinda ni kama kilomita 8 za kupanda na kushuka, kwa bodaboda au kwa gari la kukodi ikiwa mna mizigo na watoto.

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ukifika Rutinda kabla ya saa kumi jioni, vuka. Ukifika baadaye, lala ufukweni na uvuke kesho yake. Usikubali kubembelezwa na mwenye boti kwamba giza si kitu. Kwake yeye si kitu kwa sababu anaijua kila kona ya ziwa lile. Wewe una begi begani na hujui kuogelea.

Rutinda kuna aina mbili za chombo, mtumbwi wa kupiga kasia na boti la injini. Bei ya boti la injini mara nyingi ni ya boti zima, kwa hiyo mkiwa watano mnagawana, na ukiwa peke yako unabeba mzigo wote. Tafuta wenzako pale pale mwaloni. Wasafiri wengine nao wanatafuta. Kabla ya kupanda elewaneni mambo matatu kwa sauti, mbele ya watu: bei ni ya kwenda tu au na kurudi, ni visiwa vingapi, na atawangoja kwa muda gani kila kisiwa. Ugomvi wa mwaloni karibu wote hutokana na hilo la tatu. Salimia kwanza. "Agandi, ssebo" inafungua mlango zaidi kuliko kuuliza bei mtu hata hajakuona uso. Kiswahili utakipata kwa baadhi ya wafanyabiashara na askari, lakini pale Rukiga ndiyo lugha ya nyumbani, na mtu wa Lukonzo hatasikia mengi bila msaada.

Sasa visiwa vyenyewe. Usijaribu vyote, vinne kwa siku mbili vinatosha, na ningeanza na Bwama. Mwaka 1921 madaktari wawili Waingereza wa misheni, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, walifika Kabale kuanzisha hospitali. Miaka kumi baadaye Sharp akafungua Bwama kituo cha wagonjwa wa ukoma, enzi ambazo mwenye ukoma alifukuzwa kijijini. Wagonjwa walijenga nyumba, wakalima, wakaoa na kuolewa pale pale, kisiwa kikawa kijiji kamili. Dawa zilipopatikana na kituo kikafungwa, majengo hayakuachwa yaoze: leo kuna shule, na watoto wa visiwa vingine huja darasani kwa mtumbwi. Ukifika asubuhi ya siku ya shule utawaona wakipiga kasia kwa sare. Kisiwa cha jirani, Njuyera, ndiko Sharp alikokuwa akiishi, na sasa wageni hulala huko.

Akampene ni kidogo mno, nyasi na mti mmoja mkavu, na ndicho mwendesha boti atakachokuonyesha hata usipomwomba. Zamani msichana wa Kikiga aliyepata mimba kabla ya ndoa aliachwa hapo afe kwa njaa au azame akijaribu kuogelea. Mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari angeweza kuja na mtumbwi akamchukua awe mkewe bila kulipa chochote. Baadhi ya waliookolewa hivyo waliishi hadi karne hii na wakasimulia wenyewe. Waendesha boti wengine husimulia habari hii kwa mzaha, na abiria hucheka, hasa wanaume. Mimi nadhani ni mahali pa kupita polepole, injini ikiwa imezimwa, na kama una binti wa rika hilo ndani ya boti, ni mahali pa kuzungumza naye ukweli. Hakuna haja ya kushuka.

Bucuranuka kina hadithi ya kikongwe aliyenyimwa pombe na watu waliokuwa wakinywa, kisiwa kikapinduka nao juu chini. Msikilize mwendesha boti, kila mmoja ana namna yake ya kuisimulia. Kyahugye nimependa kukitaja kwa ajili ya watoto wa Kasese. Watoto wetu wameona tembo akivuka barabara ya Katunguru na hawashangai, lakini Hifadhi ya Queen Elizabeth haina pundamilia. Kyahugye wapo, pamoja na swala pala ambao nao huwapati kwetu. Bushara na Itambira ni vya kulala: mahema, vibanda vya miti, chakula cha kuagiza mapema. Agiza kamba wa ziwani, wale wekundu walioletwa kutoka nje ya Afrika na kuzaana hapo, ambao jikoni za Bunyonyi huwapika kwa mchuzi mzito. Ukisubiri hadi njaa ikubane ndipo uagize, utakula saa tatu usiku.

Jambo ambalo watu wa Mubuku hulisahau ni baridi. Bunyonyi iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyezoea joto la tambarare yetu hufika na fulana mbili na kaptura, na usiku wa kwanza anaomba blanketi la pili. Beba sweta na soksi. Asubuhi ukungu hufunika ziwa hadi jua lipande, kwa hiyo mizunguko ya visiwa huanza vizuri zaidi saa tatu au saa nne.

Ssese kwa mlango wa nyuma

Ssese ni safari ya namna nyingine. Hapa unakwenda kisiwa kimoja kikubwa, Bugala, na kukaa. Kuruka kutoka Bugala kwenda Bukasa, Bubembe au Banda ni kazi, kwa sababu boti nyingi za mbao za visiwa vile vya mbali huunganisha kila kisiwa na bara, na ni chache zinazounganisha kisiwa na kisiwa. Mgeni wa mara ya kwanza anayepanga visiwa vitano vya Ssese kwa siku nne atatumia tatu kati ya hizo akingoja mwaloni. Bubembe ndiko kwenye hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa kwa imani ya Kiganda. Kama una hamu ya kufika, tafuta mwenyeji wa kukupeleka kwa boti la kukodi, na uulize kwanza kama siku hiyo mgeni anaruhusiwa.

Watu wa kwetu wengi wanaamini Ssese ni lazima iwe kupitia Kampala na Entebbe. Hiyo ni njia ya watu wa Kampala. Wewe uko magharibi. Pitia Mbarara hadi Masaka, na Masaka, kwenye paki ya teksi ya Nyendo, panda gari la Bukakata. Ni kama kilomita 40. Bukakata utapanda feri kwenda Luuku, upande wa kisiwa cha Bugala. Feri mbili, MV Pearl na MV Ssese, zilianzishwa chini ya mradi wa miundombinu ya Kalangala, na abiria hatozwi nauli. Ni chini ya saa moja majini. Foleni ya malori inaweza kuwa ndefu, lakini abiria wa miguu hupita kando yake. Hii ni sababu nzuri ya kuliacha gari lako Masaka. Kutoka Luuku teksi hukupeleka Kalangala mjini na ufukwe wa Lutoboka, ukipita katikati ya michikichi isiyoisha. Mashamba hayo yalianza kupandwa miaka ya 2000, na msitu uliokuwepo ulipungua sana. Usije ukitarajia kisiwa chote kiwe kijani cha porini.

Kisiwa hiki kina historia ambayo fukwe hazikuonyeshi. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliwaua watu wengi mno ukanda wa Ziwa Victoria, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa visiwa kwa nguvu. Walioruhusiwa kurudi baadaye walikuta vichaka. Ndiyo sababu Ssese leo ina watu wa kila kabila waliokuja kuvua, na Kiswahili utakisikia zaidi kwenye mialo ya samaki kuliko unavyokisikia Masaka.

Kurudi una njia mbili. Ya kwanza ni ile ile ya Bukakata, na ukiwahi feri ya asubuhi unaweza kulala Kasese usiku huo, ukiwa umechoka. Ya pili ni MV Kalangala, inayoondoka Lutoboka saa mbili asubuhi na kufika mwalo wa Nakiwogo, Entebbe, baada ya saa tatu na nusu. Kwenda huondoka Nakiwogo saa nane mchana. Nauli kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa daraja la pili na 14,000 kwa la kwanza. Weka zaidi ya hapo mfukoni. Piga simu siku moja kabla kuuliza kama meli inatembea, maana ikipelekwa matengenezo chombo kingine huwekwa badala yake na saa hubadilika.

Ukitokea Entebbe, kuna kisiwa cha Ngamba, kilomita 23 kutoka bara, ambako tangu mwaka 1998 wanatunzwa sokwe yatima waliookolewa kwa wawindaji na wafanya magendo. Wako 50 hivi. Ni ghali kwa mfuko wa kawaida kwa sababu ya boti la kasi, lakini kama mko kikundi cha shule au kanisa, gharama ya boti hugawanyika. Vinginevyo ruka.

Angalizo moja kwa watu wa Kasese hasa. Ukisikia Entebbe wakisema "boti za Kasenyi", hiyo si Kasenyi yetu ya Ziwa George. Ni mwalo mwingine karibu na Entebbe, wenye boti kubwa za mbao zinazokwenda visiwa vya mbali vya Ssese. Mgeni wa mara ya kwanza simshauri azipande.

Maji hayana mzaha

Nina sababu ya kusema hivyo. Tarehe 24 Novemba 2018 chombo cha starehe kilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa wakiwa karibu na ufukwe. Miezi miwili kabla yake, huko Tanzania, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la Ukara. Waliokufa walizidi 220. Agosti 2023 boti iliyotoka Kalangala kwenda Kasenyi ya Entebbe ilizama ikiwa na makaa, chakula na samaki, na watu 20 wakafa. Ukizitazama ajali hizi pamoja, kinachojirudia ni shehena na abiria kupita kiasi. Dhoruba peke yake ni nadra kuwa sababu yote.

Kwa hiyo hesabu watu, hesabu majaketi ya kujiokolea. Majaketi yakiwa machache kuliko watu, shuka. Vaa lako na ulifunge kamba zake zote kabla ya kuondoka. Kuliweka chini ya makalio kama mto, kama wengi wanavyofanya, ni sawa na kuliacha nyumbani. Tazama pia ukingo wa boti umebaki juu ya maji kwa kiasi gani. Ukiona maji yanakaribia kumwagikia ndani likiwa bado limetulia mwaloni, utajua litakuwaje mawimbi yakija. Ziwa Victoria hupenda kupika radi na mvua usiku hadi alfajiri, wakati upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya maji. Chombo cha saa tano usiku, hata kiwe cha bei nafuu vipi, kiache kiende. Watu wa Kasese tuliouona mto Nyamwamba ukifurika mwaka 2013 na tena 2020 hatuhitaji kuhubiriwa sana kuhusu nguvu ya maji.

Kama hujui mwili wako utalipokeaje boti, jaribu kwanza nyumbani. Mfereji wa Kazinga una boti za saa mbili, maji yake ni tulivu, na ni safari ya siku moja kutoka Mubuku. Ukichefukwa pale, nunua dawa ya kichefuchefu kwenye duka la dawa kabla ya kwenda Ssese, na uinywe kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika imechelewa.

Ssese ina malaria nyingi kuliko Bunyonyi, na ina kichocho. Lala ndani ya chandarua, usikubali chumba kisicho nacho, na usiogelee karibu na magugu na maji yaliyotuama ambako konokono huishi. Ukirudi na ukawa umeingia ziwani, waambie kituo cha afya wakupime kichocho wiki kadhaa baadaye, hata kama hujisikii kuumwa.

Wakati, fedha na karatasi

Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari, ndiyo miezi ya kiangazi. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba mvua hunyesha, na Ssese ikinyesha hainyeshi kidogo. Kwa mwenye watoto wa shule, likizo ya baada ya muhula wa pili, mwishoni mwa Agosti, inaangukia pazuri. Sikukuu za Krismasi na Pasaka epuka: Lutoboka hujaa vijana wa Kampala na spika zao, vyumba hupanda bei, na ukimya uliousafiria huupati. Kama ninyi ni Wasabato, kama walivyo wengi upande wetu, panga Ijumaa mchana muwe mmeshafika kisiwani na Jumapili ndiyo iwe siku ya kuhama, maana ratiba za vyombo haziijui Sabato.

Fedha igawe kabla ya kuondoka. Tenga kwanza nauli ya kurudi na uiweke mahali usipoigusa. Kinachobaki kigawe kati ya kitanda, chakula na boti. Kwa Bunyonyi boti ndilo litakalokula zaidi ya ulivyodhani, kwa Ssese ni chakula na kitanda. Juu ya hayo weka robo nzima kwa ajili ya siku ambayo chombo hakikuja. Pesa ya simu inafanya kazi Kabale na Kalangala mjini, lakini wakala wa kisiwani anaweza kukosa fedha taslimu mkononi, kwa hiyo beba noti ndogo ndogo. Mwenye mtumbwi hana chenji ya elfu hamsini. Simu na noti vitie ndani ya kaveera mbili zilizofungwa, kila mara unapopanda chombo.

Neno hilo la kaveera linanikumbusha Rwanda. Kutoka Kabale hadi mpaka wa Katuna si mbali, na mwenye kitambulisho cha taifa cha Uganda huingia Rwanda bila pasipoti. Ziwa Kivu, mji wa Karongi, unaozoeleka kwa jina la Kibuye, una visiwa vya kutembelea kwa boti la nusu siku, kimojawapo kikiwa kimejaa popo wa matunda. Mwenye siku mbili za ziada anaweza kuviunganisha na Bunyonyi. Mifuko ya plastiki iache Katuna, Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008 na huiondoa mpakani. Idjwi, kisiwa kikubwa cha Kivu upande wa Congo, ambako Kiswahili kingekutosha kabisa, kwa sasa sikipendekezi. Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025 njia ile si ya likizo.

Na Zanzibar? Nenda, lakini nenda ukiwa umeshazoea vyombo. Tanzania haipokei kitambulisho cha taifa cha Uganda kama hati ya kusafiria. Unahitaji pasipoti au hati ya muda, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Barabara kutoka Kasese hadi Dar es Salaam itakula siku zako mbili au tatu kila upande, halafu feri ya Unguja ni kama saa mbili. Kwa wiki moja haifai, utakuwa umetalii mabasi. Iwekee siku 12 na zaidi, uongeze Pemba, na uiepuke miezi ya masika.

Kwa mwenye siku tano basi: siku ya kwanza barabarani hadi Rutinda na kulala hapo, usiku mbili kisiwani Bunyonyi, usiku mmoja Kabale ili ununue viazi na kabichi za bei ya shambani, na siku ya tano nyumbani. Mwenye siku nane ashuke kutoka Kabale kupitia Mbarara hadi Masaka, alale huko, avuke Bukakata asubuhi, akae Bugala usiku mbili, kisha arudi kwa njia hiyo hiyo. Vitambulisho vya taifa vilivyotolewa miaka ya 2014 na 2015 vilipewa miaka kumi tu. Angalia tarehe iliyo kwenye chako kabla hujatuma shilingi moja ya chumba, maana polisi wa njiani na mwenye hoteli watakiuliza wote.